Dakika ya kwanza ndiyo huangusha watu

Hofu ya kusimama mbele za watu haiishi. Nasema hivi mapema ndio mtu asisome hadi chini akitafuta dawa ya kuimaliza, juu hiyo dawa mimi sina na sidhani iko. Nafanya kazi na vikundi vya akina mama huku Bungoma, Kanduyi, Chwele, Kimilili, saa zingine mpaka kule juu Kapsokwony, na wale wanaojua kuongea kuliko wote, wale ambao wakishika maiki unaweka kikombe chini usikize, ukiwavuta kando uwaulize watakuambia moyo bado huwaenda mbio kila wakisimama. Wanachowashinda nacho wengine ni kitu kidogo sana: kabla hawajainuka kwa kiti wanajua sentensi yao ya kwanza ni gani, na wanajua mwili ukianza vituko vyake wataufanya nini.

Kwa hivyo leo naongea juu ya dakika ya kwanza peke yake. Nimeketi kwa mikutano mingi nikaona hapo ndipo watu huangukia, na ukivuka hapo mwili wenyewe huanza kutulia, moyo hudunda zaidi pale unaposimama na kuanza halafu unashuka polepole venye unaendelea. Wengi hawajaambiwa hili. Mtu anasikia kifua kikigonga akisema salamu anadhani itakuwa hivyo mpaka mwisho, ama itazidi, basi anakimbiza maneno amalize aketi, na venye anakimbiza ndivyo pumzi inamwishia, na pumzi ikiisha sauti inatetemeka, akisikia sauti yake ikitetemeka anaogopa zaidi.

Acha nieleze kinachotokea ndani, maana mtu akikijua hakimwogopeshi sana. Umeketi zako nyuma, jina lako linaitwa, na ubongo unachukulia yale macho yote yaliyogeuka kuwa ni hatari, hautofautishi vizuri kati ya mkutano wa chama na mbwa mkali aliyekutokea njiani. Tezi mbili zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini kwa damu. Moyo unaongeza kasi, damu nyingi inapelekwa kwa misuli mikubwa ndio ukimbie ama upigane, ndio maana vidole vinakuwa baridi, mate yanakauka, tumbo linaacha kazi yake linaanza kusokota, na magoti yanatetemeka juu misuli imepewa nguvu ya mbio na wewe umesimama tu hapo na daftari. Hakuna ugonjwa hapo na hujarogwa. Kuna mama mmoja aliamini kabisa kuna mtu wa boma jirani amemfunga mdomo, tuliongea naye sana mpaka akakubali kwamba huo ni mwili mzima, tena wenye afya, unafanya kazi uliyoumbiwa.

Sasa kwa huo mwili wote kuna mahali pamoja unaweza kushika, nayo ni pumzi. Huwezi kuamuru moyo upunguze mwendo, huwezi kuambia jasho lirudi lilikotoka, lakini pumzi hukusikia. Ukivuta hewa moyo huongeza kasi kidogo na ukiitoa hupunguza, hata sai ukishika mshipa wa mkono ukiwa umetulia nyumbani unaweza kuisikia hiyo tofauti. Maana yake ni kwamba kazi iko kwa kutoa, si kwa kuvuta. Watu huambiwa vuta pumzi ndefu, basi wanavuta, wanavuta tena, kifua kinajaa mpaka kizunguzungu kinawashika na hakuna aliyewaambia watoe! Vuta kwa pua ukihesabu moja mpaka nne, halafu toa kwa mdomo polepole venye mtu hupuliza uji wa moto, ukihesabu mpaka sita ama nane. Rudia mara kadhaa ukiwa bado kwa kiti, yule anayeongea kabla yako hajamaliza, na hakuna mtu atajua unafanya nini. Ukishafika mbele toa pumzi mara moja tena, angalia mtu mmoja unayemjua, ndipo useme neno la kwanza. Hiyo kimya ya sekunde mbili tatu wewe unaiona ni mwaka mzima, lakini walioketi wanaona tu mtu aliyejipanga.

Mbona najali hii mambo hivi? Ni juu ya watu kama senge yangu, yaani shangazi. Senge ni mweka hazina wa chama chao cha kuweka na kukopeshana tangu kianze, na kila deni liko kichwani mwake, nani amelipa, nani amebaki na riba, nani aliomba aongezewe mwezi juu mtoto alikuwa amelazwa, ukimuuliza akiwa anaosha vyombo atakujibu bila kugusa daftari. Lakini siku ya mkutano mkuu wa mwaka anampa katibu daftari amsomee. Swali likiulizwa katibu anageuka nyuma, senge anamnong'onezea, katibu anasema kwa sauti, na watu wanampigia makofi katibu. Uchaguzi ukifika wanachagua nani? Yule wanamsikia. Sina shida na wenye mdomo, chama bila mtu wa kuongea kinalala, ila nimeona uamuzi wa pesa ukifanywa na watu wasioelewa hizo pesa huku anayezielewa ameketi nyuma anakunja na kukunjua leso, na hiyo inaniuma kabisa, siwezi kuficha.

Na imekuwa kubwa kuliko chama. Tangu Katiba ya 2010 kaunti zinatakiwa kusikiza wananchi, kifungu cha 196 kinasema bunge la kaunti lishirikishe watu kwa kazi yake, kwa hivyo bajeti ikitengenezwa kunakuwa na vikao huku chini, kwa ukumbi wa wadi, kwa kanisa, hata chini ya mti, na mtu wa kawaida anaruhusiwa kusimama aseme shida yetu ni hii. Lakini watu ni wengi, unapewa dakika mbili ama tatu ukibahatika. Ukitumia moja yote kutetemeka na kuomba msamaha umebaki na nini? Wanaosimama ni wale wale kila mwaka, na wale wanaoamka saa kumi na moja kwenda kuteka maji hawasemi kitu, kisha mwaka ujao tunauliza kwa nini chemchemi yetu haiko kwa karatasi.

Nilimwambia senge hivyo, akaniambia, "Mama, mimi nikisimama hata jina langu linapotea." Nikamwambia, "Senge, wewe usianze na jina. Anza na maji."

Kitu kingine kinachomfunga mtu ni kuamini kwamba kila mtu anaona venye anatetemeka. Kuna watafiti wawili wa Marekani, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, walichapisha utafiti mwaka wa 2003 juu ya jambo hili hasa. Waliwafanya wanafunzi watoe hotuba halafu wakawauliza waongeaji mlionekana mna wasiwasi kiasi gani, wakauliza na wasikilizaji, na waongeaji wakajiona wameonyesha wasiwasi mwingi kuliko ule wasikilizaji waliouona. Kile nilichokipenda ni kilichofuata: wale walioambiwa mapema kwamba wasiwasi wa ndani hauonekani sana nje, waliongea vizuri zaidi. Yaani habari yenyewe ilikuwa msaada, na haina gharama, kwa hivyo nimekupa hapa. Hiyo mikono unaiona inatetemeka wewe mwenye mikono, yule wa mstari wa nne anaona mtu ameshika karatasi. Kama karatasi ndiyo inakusaliti basi iweke juu ya meza, ama chukua daftari gumu, hilo halipepei.

Mwaka wa 2014 kuna mwingine, Alison Wood Brooks wa Harvard, alionyesha kwamba watu waliojiambia kabla ya kuongea ama kuimba kwamba wamechangamka, wana hamu, walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Ukiangalia ina maana, juu moyo unaokwenda mbio huwezi kuulaza kwa neno, lakini mtu mwenye hamu pia moyo humwenda mbio, kwa hivyo hulazimishi mwili uongo. Mimi siku hizi simwambii mtu tulia. Namuuliza, unataka sana wajue nini? Akinijibu kwa ukali kidogo, macho yakiwaka, namwambia enda useme hivyo hivyo.

Huku kwetu tuna shule ya kuongea ambayo hatuiangalii kama shule. Mzee wa heshima wa Kibukusu akishazikwa kuna kumuse, kikao cha kumkumbuka na kuwausia walioachwa, na oswala kumuse, yule mnenaji wa hicho kikao, anakuja amevaa ngozi yake, ameshika fimbo, watu wameketi wamemwachia njia katikati, na anatembea akienda na kurudi akisimulia koo zilitoka wapi, nani alizaa nani, walioachwa waishi namna gani, masaa na masaa, bila maiki na bila karatasi. Nikiwa mdogo nilikuwa naketi karibu na kuka yangu, babu, nikishangaa huyu mtu hachoki aje. Sai nikiangalia na macho ya kazi yangu naona vitu vitatu. Haanzi kwa haraka, anatembea kwanza mpaka kimya kiingie. Ile nguvu ya mwili inapata mahali pa kwenda juu miguu yake inafanya kazi, haijakwama. Na akifika mwisho wa njia akigeuka, hapo anapumzika, wasikilizaji wanameza yale aliyosema na yeye anachukua pumzi. Kazi hiyo haishikwi na kila mtu na sisemi tukaiige kwa mkutano wa sako, ila hata wewe ukiwa na nafasi piga hatua mbili kwenda upande mmoja ukibadilisha jambo, simama, ongea, rudi. Kutembea tembea bila kusimama pia si kuzuri, watu wanabaki wakifuata miguu yako.

Salamu zetu pia ni msaada mkubwa na watu wanazipoteza. Ukisema "Bwana asifiwe" na wakaitikia, ukisema "Mulembe" na wakarudisha, wao ndio wamefanya kazi na wewe umepata sekunde za kutoa pumzi, tena umesikia sauti zao kwamba wako na wewe. Barack Obama alipoongea na Wakenya Kasarani Julai 2015 aliwaamkia "Niaje wasee, hawayuni" na ukumbi ukalipuka, kabla hajasema jambo lolote la maana alikuwa ameshashika watu. Lakini salamu iwe moja ama mbili. Kuna hii tabia ya kutaja mheshimiwa huyu, chifu, naibu wa chifu, mzee wa mtaa, mwenyekiti wa soko, mpaka dakika zimeisha na mtu aliyesahaulika amekasirika. Sema itifaki imezingatiwa uingie kwa jambo. Na tafadhali, ile ya kuanza na "mnisamehe mimi si msemaji" iache nyumbani, umewaambia wakuangalie makosa kabla hujayafanya.

Mazoezi ni kwa sauti. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kusoma kimoyomoyo ukiwa kwa kitanda si mazoezi, kichwani ulimi haujikwai na pumzi haiishi, kila mtu ni hodari kichwani. Simama, vaa viatu utakavyovaa, sema zile sentensi zako za kwanza kwa sauti ya kufika ng'ambo ya uwanja, ukipika, ukikamua, ukienda shamba, mpaka mdomo uzijue hata akili ikitoroka. Siyo hotuba yote ukariri, ukikariri yote neno moja likipotea yanafuata mengine. Mwanzo uujue kwa mdomo, katikati ujue pointi zako, na mwisho uujue sentensi yake. Jirekodi kwa simu. Utachukia sauti yako, hiyo ni kawaida, ukiongea unajisikia pia kupitia mifupa ya kichwa ambayo inaongeza uzito, kwa rekodi hiyo haiko, na sisi wengine tumekuwa tukisikia hiyo ya rekodi siku zote na hatujawahi kulalamika. Sikiza tu kama unakimbia. Karibu kila mtu anakimbia. Halafu mwite mtu mmoja wa nyumbani akusikize na usimuulize nimeongea vizuri, atakuambia ndio tu. Muulize umeshika nini. Akikurudishia jambo lako kwa maneno yake uko sawa, akikwama shida iko kwa maneno yako na si kwa hofu.

Watu hupenda kusema msemaji mzuri anaongea tu kutoka moyoni. Martin Luther King alikuwa Washington tarehe 28 Agosti 1963 na hotuba yake imeandikwa, mwimbaji Mahalia Jackson akamwambia kwa sauti awaambie ile ya ndoto, akaiacha karatasi na kuingia kwa maneno ambayo dunia yote inayakumbuka. Ila hayo ya ndoto alikuwa ameshayasema Detroit mwezi wa Juni mwaka huo huo. Mdomo wake uliyajua. Na mfalme George VI wa Uingereza, aliyekuwa na kigugumizi, alianza kufanya mazoezi na Lionel Logue, mtaalamu wa kufundisha watu kuongea kutoka Australia, mwaka wa 1926, akaendelea naye hata akiwa mfalme, na Logue alikuwa anamwekea alama kwa karatasi, hapa simama, hapa pumua. Vita vilipotangazwa Septemba 1939 mfalme aliongea kwa redio na Logue akiwa pamoja naye chumbani. Kigugumizi hakikuisha kabisa maishani mwake. Hizo alama nawafundisha akina mama kila mara: andika kwa herufi kubwa, pointi chache, na mahali pa kupumua chora mstari mwekundu, ukiuona unasimama hata kama hutaki.

Maiki shika karibu na mdomo, nafasi ya ngumi moja, usiipulize wala kuigonga. Ikilia usiruke, umeelekea mbele ya spika na inasikia sauti yake yenyewe ikirudi, sogea nyuma ya spika itanyamaza. Kahawa na chai kali punguza kabla ya kuongea, zinaongeza kutetemeka, kunywa maji. Kuhusu wale wanaopiga busaa ama chang'aa kidogo "ya kutoa aibu", nimewaona kwa matanga, aibu inatoka kweli na maneno ambayo hayakupangwa yanatoka nayo mbele ya wafiwa. Na kuna dawa za moyo kama propranolol ambazo watu wengine hutumia kuzuia kutetemeka, usichukue kwa rafiki, mwenye pumu inaweza kumletea shida kubwa ya kupumua, hiyo ni ya daktari.

Swali likija na hujui jibu, sema hiyo sina hapa, nitaileta mkutano ujao, uandike mbele yao. Hakuna aliyewahi kuondolewa kwa kiti kwa kusema hivyo, wanaoondolewa ni waliobuni hesabu.

Senge amekubali kuongea kwa kikao cha bajeti cha wadi. Karatasi yake ni hii, na hapo kwa mistari ndipo anasimama:

Mulembe. / Maji tunayokunywa yanatoka kwa chemchemi moja, / na ng'ombe wanakunywa hapo hapo. / Mvua ikinyesha tope lote linaingia, / na watoto wanaharisha. / Tunaomba bajeti ya mwaka huu ijenge ukuta wa kuilinda na bomba la kutekea. / Sisi tutatoa mawe na mchanga.

Hiyo haifiki hata dakika akiisoma polepole, na baada ya hapo akiulizwa chemchemi iko wapi, watu wangapi wanateka, nani ana shamba hapo, ataongea tu, hayo anayajua kuliko mimi. Tunaifanya kila jioni, mimi nikisimama kule kwa lango yeye akiwa mlangoni, nisiposikia neno nainua mkono anarudia. Kitu kimoja tu tunabishana, yeye anataka kumshukuru mheshimiwa wa wadi kabla ya maji, anasema ni adabu, na mimi nasema shukrani ziende mwisho juu dakika yenyewe ni yake. Hatujakubaliana bado na kikao ni Alhamisi.